Zima Spika Kwanza: Namna ya Kupima Jukwaa la Wazi

Anayetaka kupima ubora wa jukwaa la wazi asingoje usiku wa tamasha. Taa na spika zikishawashwa, kasoro nyingi hufichika. Afike mchana, mafundi mitambo wakiwa wamekwenda kula, asimame katikati ya jukwaa na kupiga kofi moja, kisha apande hadi safu ya mwisho amsikilize mwenzake akiimba bila maikrofoni. Kitakachomfikia huko juu ni kazi ya mahali penyewe. Hicho ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote: mbunifu aliwaachia mwamba, mteremko na upepo kazi kiasi gani kabla ya kuita mashine?

Red Rocks, karibu na Denver nchini Marekani, ni pazuri pa kuanzia. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1941 na huchukua watu zaidi ya 9,000. Msanifu wake, Burnham Hoyt, alikuta miamba miwili mirefu, myekundu, imesimama kulia na kushoto. Akazipanga safu za viti katikati yake, zikifuata mteremko uliokuwapo, na hakutia pambo la kushindana na miamba hiyo. Mkaguzi mwenye jicho hutazama mpaka: je, ujenzi unakoma kwa adabu pale mwamba unapoanza, au umeuvamia? Kwenye majukwaa mengi mapya mpaka huo umefunikwa kwa zege na mbao za kuficha aibu, na hapo fundi ameshajieleza.

Ukumbi huohuo una somo la pili. Mwezi Juni 2023 mvua ya mawe iliwakuta watazamaji humo, na zaidi ya 80 wakahitaji kutibiwa. Kwa hiyo uzuri wa mandhari hautoshi. Mkaguzi apite njia za kutokea, ahesabu hatua kutoka kiti cha mbali hadi penye paa, aangalie kama ngazi zinapitika na mama aliyebeba mtoto gizani.

Kuhusu sauti, sifa nyingi ni uvumi. Huko Epidaurus, Ugiriki, wageni husimuliwa kwamba sarafu ikiangushwa katikati ya ukumbi ule wa karne ya 4 kabla ya Kristo, husikika waziwazi hadi safu ya juu kabisa. Mwaka 2007 watafiti wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, walieleza kwamba safu za viti vya mawe hupunguza sauti nzito, zikiwemo kelele za umati, na kuziacha nyembamba zipite. Mwaka 2017 wenzao wa Eindhoven, Uholanzi, walipima upya kwa vifaa. Sarafu ilisikika mbali kweli, lakini kutambua kwamba ni sarafu kuliishia katikati ya viti, na mnong'ono ulieleweka na watu wa mbele peke yao. Ukumbi ule bado ni wa ajabu. Hadithi ndiyo iliyotiwa chumvi. Ndiyo maana kwa wasikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki kipimo kizuri ni beti za taarab: aliye nyuma ayapate maneno yote, na fumbo lake alielewe.

Jukwaa linalostahili heshima ya pekee ni lile lililojengwa mahali ambapo binadamu alikwisha kuharibu. Karibu na Rättvik, Uswidi, machimbo ya mawe ya chokaa yalifungwa mwaka 1990 yakaacha shimo lenye kina cha mita 60 na urefu wa mita 400. Margareta Dellefors, aliyewahi kuwa mwimbaji wa opera, alikuwa akitafuta mahali pa kufanyia maonyesho ya kiangazi. Akaliona shimo lile akatambua alichokiona. Mwaka 1995 likafunguliwa kwa jina la Dalhalla: jukwaa limezungukwa na maji ya kijani, mbele yake wanakaa watu wapatao 4,000, na kingo za machimbo zinawakinga na upepo. Pwani ya Afrika Mashariki haina uhaba wa mashimo ya namna hiyo. Bamburi, Mombasa, René Haller alianza mwaka 1971 kupanda mivinje katika machimbo ya matumbawe ya kiwanda cha saruji, na leo pale pana msitu. Wabunifu wa majukwaa wanaolilia fukwe safi wangefanya vyema kwenda kutazama machimbo kwanza.

Hewa nayo ina tabia zake. Ikiwa na joto la nyuzi 20, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, na hewa ikizidi joto sauti huongeza mwendo. Jua linapoichoma ardhi, hewa ya chini huwa na joto zaidi, sauti hupinda kwenda juu na walio nyuma huikosa. Usiku ardhi ikipoa, mambo hugeuka: sauti huinama chini na kuwafikia majirani wa mbali waliokwisha kulala. Mbunifu hodari ana jibu kwa saa zote mbili, na kwa misimu yote miwili ya upepo. Aulizwe jukwaa lake linaelekea wapi kaskazi ikivuma, na inakuwaje kusi ikiingia. Kwa mfano, tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limezoeleka kufanyika Februari, kabla ya masika, na kwa miaka mingi kitovu chake kimekuwa Ngome Kongwe ya Unguja. Kuta nene za ngome hiyo zilikuwapo muda mrefu kabla ya spika ya kwanza kuletwa.

Usidanganywe na ahadi ya miti. Wimbi la sauti ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na mstari mmoja wa miti hauliathiri sana. Besi hupunguzwa na tuta nene la udongo, na kilima, na fundi anayejua kuzipanga spika zake.

Halafu vifaa viguswe kwa mkono. Paa la makuti lenye mwinuko mdogo huchelewa kukauka na huoza mapema. Jicho lianzie hapo. Nguzo za mvinje ni bora kuliko boriti za mikoko, kwa sababu mvinje hukua haraka, ilhali mikoko ndiyo mazalia ya samaki na kinga ya pwani. Penye hewa ya chumvi, misumari ya kawaida huliwa na kutu. Viungo vilivyofungwa kwa kamba au kwa bolti hufunguliwa, na ubao ukapata kazi nyingine. Kama jukwaa liko karibu na ufuo wanakotagia kasa, taa zake zisielekee mchangani: vitoto vya kasa hufuata mwanga na hupotea njia ya baharini.

Habari za umeme nazo ziulizwe bila haya. Agosti 2024 kundi la muziki la Massive Attack lilifanya tamasha la siku nzima Bristol, Uingereza, kwa umeme wa betri, jenereta za dizeli zikaachwa. Lakini safari za mashabiki mara nyingi huchafua hewa kuliko jukwaa lenyewe, hivyo kituo cha basi kilicho karibu kina thamani kuliko paneli za sola zilizowekwa kwa ajili ya picha.

Swali la mwisho la mkaguzi huwakwamisha wengi: siku ambazo hakuna muziki, jukwaa hili linafanya nini? Ngome Kongwe ina maduka ya sanaa na wageni wanaoingia na kutoka. Kwenye tamasha la shambani la Glastonbury, Uingereza, jukwaa la piramidi lililojengwa mwaka 1981 lilikuwa zizi la ng'ombe na ghala la majani wakati wa baridi, hadi lilipoungua mwaka 1994. Shamba lenyewe hupumzishwa kila baada ya miaka kadhaa, kama ilivyokuwa mwaka 2018, ili majani yaote na ng'ombe wapate malisho.