Taa mpya na giza la dagaa

Mvuvi wa dagaa akinunua taa mpya wiki ya mbalamwezi, atarudi na ndoo mbili na kuilaani. Akiinunua siku giza linapoingia, mtumbwi utajaa na taa itasifiwa mwalo mzima. Hapa Igogo hata mtoto anajua kwamba kazi kubwa imefanywa na mwezi. Ila likija suala la sonona tunasahau. Mtu alikuwa hali, halali. Kaongea na mshauri wiki kadhaa, leo anacheka, nasi tunasema mazungumzo yamemponya. Huenda. Huenda pia giza lilikuwa linaingia tu.

Ng'ambo ya ziwa letu hili la Viktoria, Masaka na Rakai nchini Uganda, wapo waliopima taa bila kuusahau mwezi. Kati ya Februari na Juni 2002, mtafiti Paul Bolton na wenzake walifanya jaribio katika vijiji 30, 15 vya kupima wanaume na 15 vya kupima wanawake. Kura ikaamua vijiji vipi vipate tiba ya mazungumzo ya kikundi na vipi visubiri. Kilichopigiwa kura ni kijiji, si mtu mmoja mmoja, na naona walifanya vema: majirani wanaochota maji kisima kimoja hawawezi kufichana waliyoyasikia kikundini.

Kabla ya hapo waliuliza swali ambalo watafiti wengi hulipita mbio: wenyeji wanauitaje ugonjwa huu? Kiganda kiliwapa maneno mawili, okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. Wagonjwa walitafutwa kwa maneno hayo. Wanakijiji wakawataja, wenyewe wakakubali, ndipo dodoso lililorekebishwa likafuata. Kwetu mama muuza dagaa hatakuambia ana sonona. Atasema mawazo yamemzidi, na dodoso lisilojua hivyo litamwandika mzima.

Tiba yenyewe ilikuwa kikao cha dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Viongozi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji, wa jinsia moja na kikundi chao, waliofundishwa wiki mbili. Walizungumzia kufiwa, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Kwenye kufiwa mwongozo wa tiba hii, uliotoka Marekani, ulikwama, maana ulitaka mfiwa aseme hata mabaya ya marehemu. Nani atamsema vibaya maiti mbele za watu? Swali likalainishwa: je, kuna wakati maisha naye hayakuwa mazuri?

Sasa mwezi. Katika vijiji vya tiba, wenye sonona kali walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Ukiishia hapo utashangilia. Lakini kule kusikokuwa na tiba walishuka pia, kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Hao walipata nafuu bila kikao hata kimoja, na haishangazi: orodha ilianza na walioumwa zaidi, na aliye chini kabisa mara nyingi ana njia moja tu, ya kupanda. Sifa halali ya tiba ni pengo kati ya 6.5 na 54.7, ambalo bado ni kubwa mno. Miezi sita baadaye lilikuwepo, asilimia 11.7 kwa 54.9.

Kasoro ninayoiona ni kwamba tiba ililinganishwa na kutokuwa na kikundi chochote. Pengine kilichoponya ni kukaa tu na wenzako kila wiki. Hilo lingehitaji vijiji vingine vikutane dakika 90 kusuka mikeka.

Na wiki 16 ni nyingi kwa mtu anayeanika dagaa. Harare, Zimbabwe, walikuwa na tiba fupi zaidi: vikao sita, mtu mmoja na mhudumu wa jamii, kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Jaribio lao la kliniki 24 na watu 573 lilichapishwa 2016. Baada ya miezi sita, asilimia 13.7 ya waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili za sonona, dhidi ya 49.9 ya waliopewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Benchi nje ya zahanati tunalo. Asubuhi huwa limejaa wanaosubiri kipimo cha malaria. Kuanzia saa nane mchana linakaa tupu.