Mpe Mhusika Baba Kwanza

Mwandishi anayetaka mhusika mwenye asili ya Italia mara nyingi hukimbilia Mario Rossi. Waitaliano wenyewe hulitumia jina hilo kwenye fomu za mfano, kwa hiyo msomaji wa kule hatamwona mtu. Ubini wa Kiitaliano una kwao: Colombo ni wa pande za Milano, Piras ni wa Sardinia, na Esposito ni wa Napoli, uliopewa watoto walioachwa kwenye makao ya Annunziata.

Kumtafutia ubini mhusika wa Nyangoto, kule Tarime, ni kazi ngumu zaidi. Kwa desturi ya Wakurya, jina la pili ni jina la baba. Mwita Chacha ni mwana wa Chacha. Akimzaa Marwa, mtoto ni Marwa Mwita. Lakini shule, kanisa na ofisi zimegandisha majina mengi. Tazama jirani zao Wazanaki. Kambarage, yaani Mwalimu Nyerere, alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Chifu Nyerere Burito, akabatizwa Julius mwaka 1943. Jina la baba lilimkaa, kisha likashuka hadi kwa wanawe Makongoro na Madaraka, ambao kwa utaratibu wa zamani wangebeba jina lake yeye. Basi mwaka wa kuzaliwa mhusika na elimu ya wazazi wake ndivyo vinavyoamua ubini.

Waandishi wengi huogopa kuwa na akina Mwita wawili katika hadithi moja. Wasiogope. Kijiji cha Kikurya chenye Mwita mmoja tu hakiaminiki. Watenganishwe kwa baba zao, kama wanakijiji wanavyofanya.

Penye utajiri mkubwa zaidi kwa mwandishi ni desturi ya Kikurya ya nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa msichana, na watoto wanaozaliwa huhesabiwa wa nyumba yake. Mwanamume aliyewazaa hana dai juu yao. Mwandishi akimpa mtoto huyo ubini wa mwanamume yule, amemtoa kwenye nyumba yake na kwenye urithi wake, na hadithi yote imeharibika hapo.

Kabla ya sura ya kwanza, andika jina la baba wa mhusika, la babu yake, na mwenye ng'ombe waliotolewa mahari ya mama yake. Kisha msomee mzee wa Tarime majina hayo, ndipo umpelekee mhariri.