Aliyekataa Mkasi

Tarehe 2 Februari 1976, kituo cha runinga cha Tokyo ambacho leo kinajulikana kama TV Asahi kilianza kurusha kipindi cha mazungumzo kiitwacho Tetsuko no Heya, yaani Chumba cha Tetsuko. Mwenye chumba, Tetsuko Kuroyanagi, alikuwa ameweka sharti: mazungumzo yasikatwe. Kipindi kingerekodiwa, ila kingerekodiwa kana kwamba kinakwenda hewani wakati uleule, tangu salamu hadi kuagana. Mgeni akisita, asite mbele ya watazamaji. Machozi yakimtoka, yaachwe yatoke.

Asiyewahi kuingia kwenye chumba cha wahariri anaweza kulidharau sharti hilo. Mkasi ni kimbilio la mwendesha kipindi asiyejiandaa. Swali lililouma ulimi, jina la mgeni lililokosewa, kitabu chake ambacho mwulizaji hakukifungua, yote hayo mhariri huyafagia usiku, na asubuhi mtu anaonekana bingwa. Anayekataa mkasi amejinyima pa kujificha. Amemhakikishia mgeni pia kwamba maneno yake hayatakwenda kuchinjwa na kuunganishwa upya na mtu asiyekuwepo walipokuwa wakizungumza. Ndiyo maana watu waliokuwa wagumu wa kusema walikwenda pale wakasema.

Nasema hivi kwa sababu kwetu kazi ya kuendesha kipindi imehesabiwa kuwa ni mdomo. Mtu akiwa mchangamfu, sauti yake tamu, na hakosi neno, tunasema huyo apelekwe runingani. Naamini mdomo ni sehemu ndogo sana ya kazi hiyo, na sijui maisha ya mtu yanayoonyesha hivyo vizuri kuliko ya mwanamke huyu ambaye, tena, ni msemaji kwelikweli. Anazungumza kwa kasi ya kumchosha mkalimani.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1933, binti wa mpiga fidla. Shule ya kwanza ilimfukuza akiwa darasa la kwanza. Alikuwa akisimama dirishani wakati wa masomo na kuwaita wapiga ngoma wa mitaani waje wapige. Mama yake akampeleka Tomoe Gakuen, shule ndogo iliyokuwa na mabehewa ya treni kwa madarasa, na mkuu wa shule, Sosaku Kobayashi, akavuta kiti, akamwambia amweleze lolote analotaka. Mtoto alieleza kwa saa nne. Mzee yule hakupiga miayo hata mara moja, wala hakuonyesha kuchoka. Shule hiyo iliteketea kwa mabomu mwaka 1945. Tetsuko aliisimulia katika kitabu alichokitoa mwaka 1981, ambacho nakala zake zimepita milioni 25, na mapato yake akayatumia kuanzisha taasisi inayosaidia waigizaji viziwi kuwa na jukwaa lao la kitaalamu.

NHK, shirika la utangazaji la Japani, lilianza kurusha picha tarehe 1 Februari 1953. Siku hiyo waliojiandikisha kuwa na runinga katika nchi nzima walikuwa 866. Shirika lilitafuta waigizaji wapya wa kuwafundisha, maelfu wakaomba, wakachukuliwa 13. Tetsuko, aliyekuwa amesomea uimbaji, aliomba kwa sababu alitaka kujifunza namna nzuri ya kuwasomea hadithi watoto atakaokuja kuwazaa. Hakuwazia umaarufu, na runinga yenyewe haikuwa na umaarufu wa kumgawia mtu.

Hapo ndipo ufundi wake ulipofinyangwa. Hakukuwa na kanda za kurekodia picha. Mchezo uliigizwa dakika ileile uliyotazamwa, chini ya taa za joto kali, mwigizaji akitoka sebule moja ya mbao kukimbilia nyingine huku akibadili vazi njiani. Aliyesahau maneno aliyasahau mbele ya nchi. Mwenzake alipaswa kumsikiliza kwa makini kiasi cha kujua, kabla hajanyamaza, kwamba amepotea, na kumtupia neno la kumrudisha njiani. Waliokulia katika studio za namna hiyo walijifunza kusikiliza kama mabaharia wanavyojifunza upepo. Sharti la 1976 lina mizizi yake huko: alikuwa ameijua runinga kabla mkasi haujaingia studio.

Hata hivyo miaka ya kwanza ilikuwa ya kufukuzwa tena. Akiwekwa katika kundi la watu wanaopita nyuma ya mchezo wa redio na kunong'ona, sauti yake ilichomoza juu ya wote, na waongozaji wakamwambia aende nyumbani. Alikuwa amekwisha kuamini kwamba lazima ajirekebishe. Kisha mwaka 1954 mwandishi Tadasu Iizawa akamchagua kuwa sauti ya mmoja wa nyani watatu wadogo katika mchezo wa redio wa watoto, Yan-bo, Nin-bo, Ton-bo. Tetsuko akamwahidi kwamba atairekebisha namna yake ya kusema. Iizawa akamkataza: namna hiyohiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Mchezo ulipendwa mno. Naona mara nyingi tunasahau kuwashukuru watu kama Iizawa, ambao kipaji chao ni kutambua kwamba kasoro ya mwenzao ndiyo mali yake.

Kuanzia hapo kazi zilimwagika. Mwaka 1958 aliongoza kwa mara ya kwanza mashindano ya nyimbo ya mkesha wa mwaka mpya, Kōhaku, ambayo Wajapani huyatazama familia nzima. Aliwapa sauti vikaragosi vya vipindi vya watoto. Mwaka 1961 akaingia katika Yume de Aimashō, kipindi cha mseto cha Jumamosi usiku kilichochanganya nyimbo, vichekesho na dansi, chote mubashara. Kipindi hicho ndicho kilichoutangaza wimbo wa Kyu Sakamoto, Ue o Muite Arukō, ambao mwaka 1963 ulishika nafasi ya kwanza Marekani kwa jina la Sukiyaki. Kipindi cha mseto ni shule kali kwa mwigizaji. Dakika hii unavaa kofia ya kipuuzi, dakika inayofuata unamkaribisha mwimbaji anayeimba msiba wake, na wewe ndiye mlango kati ya hayo mawili. Ukichelewa kuvua uso wa kichekesho, umeuharibu wimbo.

Aliugua kwa kufanya kazi kupita kiasi. Akiwa amelazwa hospitali alitazama michezo yake ikiendelea bila yeye. Katika mmoja, pengo lake lilizibwa kwa sentensi moja tu: mke amekwenda kwao. Wengi wangepatwa na hofu na kurudi kazini mbio. Yeye alijifunza kwamba kiti cha runinga hakina mwenyewe, na mwaka 1971, akiwa mwigizaji anayejulikana kila nyumba, aliacha yote akaenda New York kusomea uigizaji kwa mwaka mzima, mahali ambapo hakuna aliyemjua.

Mwaka 1978 alianza kuongoza The Best Ten, kipindi cha nyimbo kumi bora cha kituo cha TBS, Alhamisi usiku, mubashara, akiwa na mtangazaji Hiroshi Kume. Huko pia alikuja na sharti: orodha isichezewe. Nafasi zitakazotoka katika hesabu ndizo zitakazotangazwa, hata kama nyota mkubwa hatakuwemo. Siku ya kwanza kabisa, Momoe Yamaguchi, aliyekuwa kipenzi cha nchi, alikuwa na nyimbo mbili katika nafasi ya 11 na ya 12. Fikiria studio usiku huo: kipindi kipya, watayarishaji wanatafuta watazamaji, na nafasi moja tu inamtenga msichana anayeweza kuwaleta kwa mamilioni. Hakutokea. Kipindi kilidumu hadi 1989, na mwaka 1981 kilifikia asilimia 41.9 ya watazamaji. Kwetu orodha za nyimbo bora bado zinanong'onezwa kwamba zinanunuliwa, kwa hiyo kisa hiki nakiona kina uzito kuliko tuzo zake zote.

Turudi chumbani kwake. Kuna sofa, maua na meza ndogo, na juu ya meza kuna karatasi zilizojaa mwandiko wa mkono. Kabla ya kurekodi, wasaidizi waliokwisha kuonana na mgeni huketi na Tetsuko na kumweleza waliyoyakuta, naye huyaandika mwenyewe, kwa kalamu, mgeni mmoja baada ya mwingine. Angeweza kuchapiwa. Lakini lililopita mkononi hukaa kichwani, na ndiyo maana hewani hatumwoni akizisoma zile karatasi. Yupo na mtu aliye mbele yake. Nywele zake zimefungwa juu kwa mtindo ambao Wajapani wameuita kitunguu, na mara nyingine, katikati ya mazungumzo, huingiza vidole humo akatoa peremende na kumpa mgeni. Watu wazima wenye vyeo hucheka kama watoto, mabega yanashuka, na maneno yanakuja.

Maswali yake mengi ni mepesi. Mwishoni mwa Desemba 2022 mgeni alikuwa mchekeshaji Tamori, na Tetsuko akamwuliza swali ambalo watu huulizana msimu huo: mwaka ujao utakuwa mwaka wa namna gani? Tamori akajibu kwamba huenda ukawa mwanzo wa kipindi kipya cha kabla ya vita. Jibu hilo lilizungumzwa Japani kwa miezi. Halikutoka kwa swali la kutega. Lilitoka kwa sababu aliyeulizwa alijua kwamba aliyemwuliza ana nafasi ya kulipokea. Mwulizaji huyo aliona Tokyo ikiungua, na baba yake alirudi kutoka utekwani Siberia mwaka 1949 tu. Kila Agosti huwaita wageni wasimulie waliyoyaona vitani, na huyo ndiye mwanamke ambaye watu wasiomtazama vizuri humwita wa vichekesho.

Mwaka 1984 UNICEF ilimteua kuwa Balozi Mwema, na safari yake ya kwanza ilikuwa Tanzania, wakati ukame ukiitesa Afrika. Sehemu hii ya maisha yake hunigusa kuliko nyingine. Mwanamke aliyekuwa akitambuliwa na kila dereva wa teksi wa Tokyo alifika katika vijiji ambako uso wake haukuwa na maana yoyote. Zanzibar ilikuwa na runinga tangu miaka ya 1970, lakini Bara haikupata yake hadi 1994. Hakuwa na jukwaa, hakuwa na lugha, na vichekesho vyake visingefika. Alibaki na ile nusu nyingine ya kazi. Mzee wa kijiji alimweleza kwamba mtu mzima akifa hulalamika, husema anaumia, anateseka. Mtoto hasemi kitu, huwaamini wakubwa na kufa kimya chini ya majani ya mgomba. Tetsuko ameyarudia maneno hayo kila alikokwenda kuomba msaada, na Wajapani wa kawaida wakatoa fedha mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya watoto ambao hawatawaona. Safari kama hizo ziliendelea: mwaka 1994 alikwenda Rwanda.

Wapo watakaosema kwamba mtu maarufu akizuru kijiji chenye njaa na kamera nyuma yake hafanyi zaidi ya kupiga picha. Hoja hiyo ina haki yake. Tumewaona wengi wa namna hiyo. Lakini picha haikumbuki sentensi ya mzee wa kijiji kwa miaka arobaini. Anayeikumbuka ni mtu aliyezoea kusikiliza bila mkasi, aliyejua kwamba alichoambiwa mara moja hakitarudiwa na lazima akibebe kama kilivyo. Kwangu mimi, ule ubalozi wake ni utangazaji uleule.

Mwaka 2015 kipindi chake kilitimiza mara 10,000, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikalitambua hilo kuwa jambo ambalo hakuna mwendesha kipindi mwingine aliyelifikia. Mwaka 2024 alifikisha miaka 91 akiwa bado kwenye sofa, na karatasi za mkono bado zipo mezani.

Kwetu nako, waigizaji wa kizazi cha kwanza cha runinga wanatutoka. Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, alifariki mwaka 2015. Wenzake wa rika hilo waliobaki, wa Nairobi, Dar es Salaam na Unguja, wanaitwa studio siku ya tamasha, wanaulizwa maswali mawili kati ya matangazo, wanapigiwa makofi na kupakiwa garini. Ninaviomba vituo vyetu kitu kimoja. Chagueni siku moja ya juma, wekeni viti viwili, mpeni mwendesha kipindi wiki nzima asome habari za mzee mmoja na kuziandika kwa mkono wake, kisha waacheni nusu saa, bila kukata hata neno.