Simba ya 2019: Mabao 13 Wavuni, Tiketi ya Robo Fainali Mkononi

Chukua msimamo wa Kundi D la Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2018/19 uusome taratibu. Al Ahly pointi 10, Simba 9, JS Saoura 8, AS Vita 7. Sasa hamia kwenye mabao. Simba imefunga 6, imefungwa 13, yaani iko hasi 7. Vita ina chanya 2 na imeshika mkia. Mgeni wa soka akioneshwa namba hizo za mabao peke yake atasema waliofuzu ni Wacongo wa Vita.

Mashabiki wa Simba tunaukumbuka msimu ule kwa bao la Clatous Chama la dakika ya 90, na lile bao linastahili. Ila bao moja halielezi timu ilifikaje robo fainali ikiwa imepoteza mechi zote tatu za ugenini kwenye kundi. 5-0 Kinshasa, 5-0 Alexandria, 2-0 Béchar. Kuna watu mpaka leo wanaita ile bahati. Mimi siiti hivyo. Simba walifuzu kwa sababu hatua ya makundi inahesabu pointi, na kipigo cha tano kinakunyima pointi zilezile tatu ambazo kipigo cha moja kingekunyima. Njia hiyohiyo ndiyo iliyowaangusha kwenye robo fainali kule Lubumbashi, ambako mabao yalianza kuhesabiwa.

Tuanze Alexandria. Februari 2, 2019, mabao yote matano ya Al Ahly yaliingia kabla ya mapumziko. Wakati ule beki ya Simba ilikuwa na mapengo mawili makubwa: Shomari Kapombe alikuwa nje tangu Novemba, na Erasto Nyoni, aliyekuwa akiziba karibu kila pengo la nyuma, aliumia kwenye Kombe la Mapinduzi mapema Januari. Pembeni kulia alicheza Zana Coulibaly, aliyekuwa ndiyo kwanza amesajiliwa. Al Ahly hawakuhitaji muda mrefu kuyaona mapengo hayo. Lakini angalia kipindi cha pili: hakuna bao. Timu iliyokwisha kufungwa tano ugenini huwa na vishawishi viwili, kukata tamaa au kukimbilia mbele kutafuta bao la heshima, na vyote viwili huishia kwenye saba au nane. Simba walitulia na mchezo ukaishia pale.

Siku kumi baadaye, Februari 12, Al Ahly wakaja Dar es Salaam. Hao walikuwa wamecheza fainali ya mashindano haya msimu uliotangulia. Waliondoka kwenye baridi ya Februari ya Misri wakaingia kwenye joto letu la mwezi huo, lile ambalo hata sisi wenyeji tunatafuta kivuli. Mechi ilipigwa jioni, jua bado lipo. Dakika ya 65 Meddie Kagere akafunga, ikaisha 1-0. Dakika hiyo ina maana yake. Saa nzima ya kwanza Simba hawakuwa na haraka. Walisubiri miguu ya wageni iwe mizito, huku mbele wakiwa na watu ambao hawakuhitaji nafasi nyingi. Silaha kuu za kocha Patrick Aussems zilikuwa Kagere, Emmanuel Okwi na John Bocco, na nyuma yao Chama. Nyumbani, timu ikiwa juu na uwanja unanguruma, wanne hao walitosha kuficha udhaifu wa nyuma. Ugenini mpira haukuwafikia, na udhaifu ule ukabaki wazi.

Saoura walikuwa wameshalijua hilo Januari 12, walipofungwa 3-0 Uwanja wa Taifa, ambao sasa ni Uwanja wa Benjamin Mkapa. Okwi moja, Kagere mawili. Machi 9 kwao, Simba wakalala 2-0. Béchar iko kusini magharibi mwa Algeria, ukingoni mwa jangwa, na kutoka Dar hufiki huko kwa ndege moja. Shabiki anayeona matokeo tu hupenda kusema wachezaji ni walewale na mpira ni uleule. Miguu siyo ileile. Mtu aliyekaa kwenye ndege, akasubiri kuunganisha, akapanda nyingine, halafu akalala hotelini kwa kujigeuzageuza, anafika kwenye mpira wa pili akiwa amechelewa nusu hatua, na kwa beki nusu hatua hiyo ni bao. Kinshasa na Lubumbashi kulikuwa na nyasi bandia pia, ambako mpira unadunda tofauti na unakimbia kuliko ulivyozoea.

Sasa Machi 16, mechi ya mwisho. Saoura wana 8, Al Ahly 7, Vita 7, Simba 6. Timu inayoburuta mkia inacheza nyumbani na Vita. Hapa ndipo hesabu za kundi hili zinaponoga, na wengi walizipita haraka kwa sababu ya furaha.

Simba wakishinda, wanafika 9 na Vita wanabaki na 7. Je, walihitaji msaada kutoka Misri, ambako Al Ahly walikuwa wakicheza na Saoura? Hapana. Al Ahly akishinda anafika 10, Saoura anabaki 8. Saoura akishinda anafika 11, Al Ahly anabaki 7. Wakitoka sare, Saoura 9 na Al Ahly 8. Katika kila hali Simba yenye pointi 9 inapita. Tulioketi mzunguko siku ile tulikuwa tunaulizana habari za Misri kila dakika, na jamaa mmoja safu ya mbele yetu, redio ndogo sikioni, alikuwa akitupasha. Hatukuwa na haja. Ushindi tu ulitosha.

Upande wa pili, sare haikuwafaa Vita isipokuwa Saoura washinde Misri. Wakiishia na 8 sawa na Saoura, Saoura wanawazidi kwa matokeo ya wao kwa wao. Sawa na Al Ahly, Al Ahly nao wanawazidi hivyohivyo. Maana yake Vita hawakuweza kuja kupaki basi. Walikuja kufunga, na dakika ya 13 Kazadi Kasengu akafunga kweli. Kwa hesabu zangu, hilo ndilo lililowafungulia Simba mlango. Timu inayotaka ushindi inaacha nafasi nyuma ya mabeki wake wa pembeni, na dakika ya 36 aliyesawazisha alikuwa beki wa kushoto, Mohamed Hussein Tshabalala. Kipindi cha pili kikawa cha timu mbili ambazo zote sare inaziua. Chama akafunga dakika ya 90. Misri, Al Ahly waliwafunga Saoura 3-0.

Robo fainali ni mchezo mwingine kabisa. Pale mabao ya mechi mbili yanajumlishwa, na la ugenini lina uzito wa ziada. Simba walikuwa wameshauonja utamu wa kanuni hiyo Desemba 2018 dhidi ya Nkana. Walifungwa 2-1 Kitwe, wakashinda 3-1 Dar, Chama akifunga la tatu dakika za lala salama. Bila lile bao moja la Bocco kule Zambia, ushindi wa 3-1 usingetosha: jumla ingekuwa 3-3 na bao la Nkana la Dar lingewavusha wao.

Kwa TP Mazembe ikawa 0-0 Dar, Aprili 6, 2019, na Bocco akakosa penalti. Mpaka kesho utasikia kijiweni kwamba penalti ile ndiyo iliyotutoa. Marudiano Lubumbashi, Okwi akafunga dakika ya 2. Kwa bao hilo Mazembe walihitaji mawili. Walifunga manne, 4-1. Iweke basi penalti ya Bocco wavuni: jumla inakuwa 4-2, na Simba bado wako nje. Najua mechi ya marudiano ingechezwa kwa akili nyingine, lakini kumbebesha nahodha mzigo huo si haki. Kilichowatoa ni kilekile kilichotokea Kinshasa na Alexandria. Kwenye kundi kiligharimu pointi tatu tu, hapa kikagharimu mashindano yote.

Klabu ilijifunza, tena kwa haraka. Msimu wa 2020/21 Simba walikwenda Kinshasa wakashinda 1-0 kwa penalti ya Chris Mugalu, wakatoka 0-0 na El Merrikh Sudan, wakapoteza 1-0 tu kwa Al Ahly. Waliongoza kundi kwa pointi 13 na kuruhusu mabao mawili katika mechi sita. Kutoka 13 hadi 2 ndani ya miaka miwili, hiyo ni kazi ya kupigiwa saluti, na kwangu ni kubwa kuliko bao la Luis Miquissone lililowazima Al Ahly Dar. Kisha robo fainali, Johannesburg, Kaizer Chiefs wakawapiga 4-0. Marudiano Simba wakashinda 3-0, uwanja ukatetemeka, na bado wakabaki bao moja nyuma. Dakika 90 za Afrika Kusini ziliwarudisha 2019.

Na jirani zetu wa Jangwani wana upande wa pili wa hesabu hiyohiyo. Fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, Yanga walikwenda Algiers wakawafunga USM Alger 1-0 kwa penalti ya Djuma Shabani. Ukishinda fainali Algeria, nchi ambako timu zetu zimeumia sana, ungetegemea kurudi na kombe. Lakini mechi ya kwanza, Mei 28 Dar, ilikuwa 1-2. Jumla 2-2, na mabao mawili ya USM Alger kwa Mkapa yakawa mazito kuliko lile moja la Yanga kule. La pili liliingia dakika mbili tu baada ya Fiston Mayele kusawazisha, wakati uwanja mzima bado unashangilia na timu inatafuta jingine. Sare ya 1-1 pale, kisha 1-0 Algiers, kombe lingekuja Dar.

Kwa hiyo droo ya mtoano ikitoka, jina la mpinzani nalisoma baadaye. Kwanza natazama nani anaanzia nyumbani, timu inasafiri siku ngapi kabla ya mechi, na kule kuna nyasi gani. Halafu nafungua rekodi ya ugenini ya beki yetu, nikahesabu mabao waliyoruhusu dakika 30 za mwanzo.