Chini ya Kichwa cha Msumari

Gari dogo la mbao linaloshushwa mteremkoni halina injini. Nguvu yake yote ni kimo lilipoanzia: la gramu 142 likiachiwa kutoka mita 1 juu lina takriban jouli 1.4, na kinachopotelea njiani hakirudi. Gramu hizo ndizo ukomo wa uzito leo katika mashindano ya maskauti wadogo wa Marekani, yaliyoanzishwa na Don Murphy mwaka 1953 huko Manhattan Beach, California. Ekseli za magari yao ni misumari, chuma kilekile kinachopatikana dukani kwa anayechonga gari Kirushya, Ngara, ambako mteremko hautafutwi.

Msumari hutengenezwa kwa waya kubanwa na taya za mashine, kisha ncha kugongwa hadi itanuke iwe kichwa. Taya huacha mikwaruzo shingoni na vinundu vya chuma chini ya kichwa, palepale gurudumu linapozungukia.

Wengi husugua shina likang'aa, kichwa wakakisahau. Hesabu inawakataa. Gurudumu la kipenyo cha milimita 60 likizungukia msumari wa milimita 3, msuguano wa shina unapofika ukingoni mwa gurudumu umeshapungua mara 20. Lakini gurudumu likisogea likagusa ukingo wa kichwa chenye milimita 6, msuguano huo unashika mbali na kitovu mara 2 zaidi ya ule wa shina. Kwa hiyo kazi ianzie kichwani.

Chagua msumari mweusi wa kawaida, si wa bati, maana ule umepakwa zinki laini. Uviringishe juu ya kioo. Ukiyumba, uweke kando. Bana upande wa ncha kwenye drili, au keekee kama hakuna umeme, uuzungushe, na kwa tupa ndogo uchonge uso wa ndani wa kichwa ulale kidogo kuelekea nje, ili gurudumu liguse karibu na shina tu. Kisha msasa wa maji: namba 400, 600, 1000, 2000. Usiruke namba, kwani kila msasa hufuta mikwaruzo ya uliotangulia tu. Malizia kwa Brasso na kitambaa, uoshe, ukaushe. Usitafute kuukondesha msumari. Ukiupunguza visivyo sawa, gurudumu litacheza.

Oili siishauri. Hunasa vumbi jekundu. Unga wa penseli laini, 6B ikipatikana, unafaa zaidi, kwa kuwa penseli ngumu ina udongo mwingi unaokwaruza. Chukudu za Goma, skuta za mbao zinazobeba mamia ya kilo, ni habari nyingine: mafundi wengi huzitia beringi, kwani mzigo ule msumari hauuwezi.

Mwisho zungusha gurudumu kwa kidole. Likikwama ghafla, rudi kwenye kichwa cha msumari. Likipunguza mwendo polepole, likarudi nyuma kidogo ndipo litulie, ekseli iko sawa. Linarudi kwa sababu upande mmoja wa gurudumu ndio mzito.