Sikio la Fundi wa Gesi

Pale Bariadi, bodaboda aliyetobokewa ekzosi hapeleki pikipiki yake kwa fundi wa kuchomelea kwa umeme. Bati la ekzosi ni jembamba; umeme ukilishika vibaya, tundu la pili linakuwa kubwa kuliko la kwanza. Anatafutwa fundi wa gesi, mwenye mitungi miwili iliyofungwa mnyororo, wa oksijeni na wa asetilini. Kwake pia huletwa vyuma vya tela na plau vilivyopinda, maana Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ni nchi ya pamba na ng'ombe, na msimu haumsubiri mtu.

Mtazame akiwasha. Asetilini huanza peke yake, moto wa njano unaomwaga masizi. Kisha anafungua oksijeni polepole, na ulimi ule mrefu unasinyaa, unageuka bluu, mpaka inabaki koni ndogo nyeupe mbele ya ncha ya mpini wa gesi. Hapo joto limevuka nyuzi 3,000. Kwa kuyeyusha chuma anaishia hapo. Kwa kuunga kwa fimbo ya shaba anaongeza oksijeni chembe tu, ili zinki iliyomo isichemke na kuondoka kama moshi mweupe.

Hiyo chembe haisomeki kwenye geji, na macho yake wakati huo yako kwenye kiungo, yanangojea shaba itiririke. Anayelinda moto ni sikio. Moto uliokaa sawa unavuma kwa upole; oksijeni ikizidi, mvumo unakuwa mkali. Ncha ikipata joto kupita kiasi au ikigusa chuma, moto unapiga "pa!" na kuzimika. Jirani akiwa anasaga chuma kwa grinda, fundi makini hungoja amalize ndipo aguse oksijeni.

"Pa!" anaivumilia. Asichovumilia ni mluzi mwembamba kutoka ndani ya mpini, huku kwenye ncha moto hauonekani. Gesi zilizokwisha kuchanganyika zina kasi yake ya kuungua. Mkondo unaotoka ukizidiwa na kasi hiyo, moto unarudi ndani. Mkono unafunga oksijeni kwanza, asetilini baadaye, kabla mdomo haujasema neno. Mwanafunzi anayeinama kuangalia kumetokea nini amekwisha kuchelewa. "Dogo, funga kwanza, utauliza baadaye."

Lakini kwa nini moto ulie ukiwa ndani ya bomba? Moto unapoungua hutikisa hewa. Wimbi la sauti linakwenda hadi mwisho wa bomba, linarudi na kuutikisa moto wenyewe. Lord Rayleigh alieleza mwaka 1878 kwamba joto likiongezeka wakati uleule hewa imebanwa, mtikisiko hukua, kama bembea inayosukumwa kila inaporudi. Mwaka 1883 Wafaransa Mallard na Le Chatelier, waliokuwa wakichunguza milipuko ya gesi migodini, walipiga picha za moto ukisafiri ndani ya mabomba: ulianza kwa utulivu, kisha ukatetemeka. Miaka ya 1990 Geoffrey Searby, kule Marseille, aliona jambo la ajabu zaidi kwa gesi ya propani. Uso wa moto uliokuwa umejikunja ulinyooka ukawa bapa sauti ilipopanda. Kwa michanganyiko iliyoungua kwa kasi zaidi, uso huo ulivunjika ukawa vivimbe vinavyochezacheza, na kelele ikapanda mno.

Le Chatelier huyohuyo ndiye aliyetangaza mwaka 1895 kwamba asetilini ndani ya oksijeni hutoa moto wa joto lisilowahi kuonekana. Moto anaoushika fundi wa Bariadi ulitangazwa na mtu aliyewahi kuuchunguza moto unaotetemeka, na hilo linanifurahisha kuliko inavyostahili.

Sikio, hata hivyo, halimpi fundi ruhusa ya kufanya kazi bila vizuia-moto kwenye mipira, wala ya kupandisha asetilini juu ya bar 1, ambako inaweza kulipuka yenyewe bila oksijeni. Anayejua kazi, baada ya mluzi, hawashi tena papo hapo. Anaacha ncha ipoe, anazibua tundu lake, anakagua mipira, anapitisha kila gesi peke yake, kisha anawasha na kusikiliza. Mluzi ukirudi, mpini huo unatolewa kazini, mwenye pikipiki akasirike asikasirike.