Usiwashie Moto Karatasi Hiyo

Nyumba nyingi za Haydom, kama kwingineko Tanzania, zina ukuta wa heshima: kalenda, picha ya harusi, cheti cha kipaimara. Mchoro wa mtoto haumo. Uko nyuma ya daftari, na daftari likiisha linawashia moto jikoni au kufungia maandazi.

Sisi wapenzi wa fasihi tulipaswa kupiga kelele, maana kinachoungua pale ni andiko. Haydom wanakutana Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na Wanyiramba. Lugha zao hazina undugu: ya kwanza ni ya Kikushi, ya pili ya Kiniloti, Kihadza kiko peke yake, Kinyiramba ni Kibantu. Mtoto anaingia darasa la kwanza anakutana na Kiswahili. Kabla hajakimudu, penseli yake imeshasema, na jirani wa lugha yoyote anaweza kuisoma.

Basi tuusome kwa jicho la uhakiki. Tuseme mtoto kachora ng'ombe mwenye pembe ndefu kuliko kiwiliwili, na mchungaji kama nukta pembeni. Mtu mzima ataona kosa la vipimo. Mimi naona mwandishi aliyeamua mhusika mkuu ni nani. Linganisha na ile nyumba ya paa la pembetatu na jua la kona, iliyonakiliwa ubaoni. Ni safi, ila haina mwenyewe. Na jamani, hiyo ndiyo tunayoisifia.

Tunajua kuthamini michoro ikishazeeka. Ile ya miambani kule Kolo, Kondoa, haina jina la mchoraji hata mmoja, lakini mwaka 2006 iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Na mwaka 2007, shirika la Waging Peace lilikusanya michoro ya watoto wa Darfur waliokimbilia Chad. Mamia yake yakafikishwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Watoto wale walikuwa wamechora waliyoyaona vijijini kwao. Karatasi zile zingewashia jiko, ushahidi huo ungepotea.

Si lazima tutunze kila kitu. Mhariri naye huchagua. Mwache mtoto achague michache kila muhula. Itundike kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, mbali na moshi wa jikoni, kwenye usawa wa macho yake yeye, si ya mgeni. Gundi ya uji iache, inaita mende. Inayoshuka iwekwe kwenye bahasha, juu ya kabati, mchwa wasiifikie.

La muhimu zaidi ni mgongo wa karatasi. Usimwambie tu "mzuri!" Muulize hapa kunatokea nini, kisha andika jibu lake neno kwa neno, kwa lugha aliyojibu nayo, pamoja na tarehe. Kama ni Kiiraqw, kiwe Kiiraqw. Siku akikimudu Kiswahili atakuwa na mahali pa kuangalia alisemaje kabla yake.